L293D, L298N, TB6612FNG au DRV8833: draiva ipi kwa mota zako mbili?

Pini moja ya Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kuandikia programu, hutoa miliampea 20 bila shida, na 40 ndiyo kikomo chake. Mota ya njano yenye gia za plastiki, ile inayouzwa na tairi lake kwa ajili ya vigari vya kujifunzia, hula zaidi ya miliampea 100 ikizunguka hewani bila kubeba kitu, na ukiishika isizunguke inaweza kupita ampea moja. Huwezi kuiunga moja kwa moja kwenye pini. Lazima ipitie kwenye draiva, yaani chipu inayopokea amri za Arduino na kuipa mota umeme wa betri, na kwa kuwa vigari vingi na mashine nyingi ndogo zina mota mbili, chipu zinazotafutwa zaidi ni zile zenye draiva pacha: kila upande unaendesha mota yake, mbele na nyuma, kwa kasi unayoitaka.

Huku Nyanda za Juu Kusini wanaozihitaji ni watu wa aina mbili hasa. Wapo wanafunzi, kuanzia wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) pale Mbeya na wa vyuo vya ufundi vya VETA hadi wa sekondari, wanaojenga vigari vya roboti. Na wapo mafundi na wafugaji wanaojiundia mashine za kutotolesha vifaranga na kutaka trei ya mayai igeuke yenyewe hata usiku wakiwa wamelala. Wote hufika kwenye swali lilelile, na jibu wanalopewa haraka huwa ni "chukua L298N, ina ampea mbili." Jibu hilo linaweza kukufaa kabisa, na linaweza kukuharibia kazi nzima. Kinachoamua ni betri yako kuliko kitu kingine chochote.

Vigezo kwanza, majina baadaye

Anza na volti za betri, na uchukue zile za juu kabisa inazofikia. Seli mbili za lithiamu za 18650 zilizofuatana huitwa volti 7.4, lakini zikijaa zinafika 8.4. Betri ya pikipiki huitwa ya volti 12, ila ikiwa inachajiwa na sola hupita 14. Draiva yenye kikomo cha 13.5 itafanya kazi vizuri usiku, halafu jua likishatoka vizuri iko hatarini.

Kigezo cha pili ni ampea za mota ikikwama, na hapa naomba utulie kidogo, maana chipu nyingi zinaungulia hapa. Namba inayoua chipu ni ile ya sekunde tairi limegonga ukuta, au trei ya mayai imenasa kwenye kichwa cha msumari. Hata kila mota inapoanza kutoka kusimama huvuta karibu ampea hizohizo kwa muda mfupi. Kuipata namba hiyo hakuhitaji kifaa cha ajabu. Chukua mita, iweke kwenye omu, gusanisha ncha zake kwanza usome omu za nyaya zenyewe. Kisha gusa nyaya mbili za mota ambayo haijaunganishwa na kitu, zungusha tairi taratibu kwa mkono, na usome namba ndogo kuliko zote inayotulia. Toa zile omu za nyaya. Sasa gawanya volti za betri kwa kinachobaki. Mota yenye omu 6 kwenye betri ya volti 6 itavuta ampea 1 ikikwama. Mota hiyohiyo kwenye volti 12 itavuta 2. Kazi ya dakika tano, na inakupa namba ambayo muuzaji hawezi kukupa.

Cha tatu ni volti zinazobaki ndani ya draiva. L293D na L298N zimejengwa kwa transista za baipola, na umeme unaokwenda kwenye mota hupita transista ya juu, ukarudi kupitia ya chini. Kila moja inakata sehemu yake, jumla volti mbili au zaidi. TB6612FNG na DRV8833 zimejengwa kwa mosfeti, ambazo zikiwaka hufanya kama kizuizi cha nusu omu au pungufu. Volti zinazokatwa hugeuka joto: zizidishe kwa ampea na utapata wati ambazo chipu lazima izitoe nje ya mwili wake.

Vingine ni urahisi wa kuunga nyaya, kinga zilizomo ndani, na kama kitu chenyewe kinapatikana na kinatengenezeka huku. Hiki cha mwisho kina uzito kwetu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na vifaa vingi vya namna hii huagizwa Kariakoo vikaja kwa basi. Draiva ikiungua mayai yakiwa ndani, kusubiri kifurushi ni hasara.

L293D

*Volti na ampea.* Upande wa mota unakubali volti 4.5 hadi 36. Kila upande unabeba miliampea 600 mfululizo na ampea 1.2 kwa kitambo kifupi.

*Kinachopotea.* Kwenye miliampea 600, transista ya juu hukata takriban volti 1.4 na ya chini 1.2. Betri nne za AA zina volti 6. Mota itaona 3.4 tu. Joto lake ni kama wati moja na nusu kwa upande mmoja, na pande zote mbili zikifanya kazi kwa pamoja ni wati tatu, ambazo ni nyingi mno kwa ganda dogo la plastiki. Kwa hiyo ile 600 usiichukue kama ahadi ya pande zote mbili kwa saa nzima. Pini za 4, 5, 12 na 13 ndizo za hasi, na ndizo pia njia ya kutolea joto. Ukizilehemu kwenye eneo pana la shaba chipu inapumua.

*Kuunga.* Hapa L293D haina mpinzani. Ina miguu 16 ya kawaida inayoingia moja kwa moja kwenye bredibodi, ule ubao wa matundu wa kujaribia saketi. Pini ya 8 ni betri ya mota, ya 16 ni volti 5 za chipu yenyewe, ya 1 na ya 9 ndizo za kuwasha kila upande na kupitishia mapigo ya PWM, yaani kuwasha na kuzima kwa haraka kunakopunguza kasi ya mota. Mwanafunzi anaona kila waya unakwenda wapi. Ukiiweka kwenye soketi, siku ikiungua unaing'oa na kuchomeka nyingine, bila kununua bodi nzima.

*Kinga.* Hujizima ikipata joto kupita kiasi, na dayodi za kupokea mrudisho wa umeme wa mota ziko ndani. Ile herufi D ya mwisho angalia sana dukani: L293 isiyo na D hubeba ampea moja lakini haina dayodi, lazima uziweke mwenyewe.

*Inamfaa* mwalimu na mwanafunzi anayetaka kuelewa draiva inafanyaje kazi, na mtu mwenye mota nyepesi za chini ya miliampea 400 pamoja na betri yenye volti za kutosha kumwaga kidogo.

L298N

*Volti na ampea.* Chipu yenyewe inafika volti 46 na ampea 2 kila upande. Ila wengi hununua ile bodi yenye kipande cheusi cha alumini mgongoni, na bodi ina vikomo vyake: soma volti zilizoandikwa kwenye kapasita zake za mviringo kabla ya kuizidishia.

*Kinachopotea.* Kwenye ampea 1 hukata kati ya volti 1.8 na 3.2. Kwenye ampea 2 inaweza kukata hadi 4.9, na hapo upande mmoja peke yake unatoa karibu wati kumi za joto. Kile kipande cha alumini hakiwezi kuziondoa. Mimi ningeipangia mota ya ampea moja hivi kwa kazi ya mfululizo, na ile mbili niiache kuwa akiba ya mota inapoanza au inapokwama kwa muda mfupi.

*Kuunga.* Nyaya zinabanwa kwa bisibisi, hakuna kulehemu. Kwa mtu aliyeko kijijini bila pasi ya kulehemu hili ni jambo kubwa, na sioni haki kulidharau kama wanavyofanya baadhi ya mafundi wa mjini. Tatizo lake liko kwenye kile kijampa cha volti 5, kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili za bodi. Kikiwa mahali pake, bodi hutumia betri ya mota kujitengenezea volti 5 zake. Betri ikiwa ya volti 6, rejuleta, kifaa kinachoshusha volti za betri kuwa 5, haipati za kutosha, volti zinashuka kuelekea 4, na draiva inaanza kufanya mambo yasiyoeleweka: mota moja inazunguka, nyingine inasitasita. Betri ikizidi volti 12, kijampa kitoe na ulete volti 5 kutoka nje, la sivyo rejuleta inaweza kuungua. Eneo lake la raha ni kama volti 7 hadi 12.

*Kinga.* Hujikinga na joto. Dayodi hazimo ndani ya chipu, bodi ndiyo inazo, nane. Kwa upande wa matengenezo, miguu yake ni mikubwa. Fundi wa redio pale Mwanjelwa, Mbeya, anaweza kuing'oa na kuirudisha kwa vifaa vyake vya kila siku.

*Inamfaa* mwenye betri ya volti 12, mwenye mota za wastani, na anayejali kupata mbadala haraka kuliko kubana matumizi ya umeme.

TB6612FNG

*Volti na ampea.* Hii ni ya Toshiba. Upande wa mota mwisho wa kufanyia kazi ni volti 13.5, na 15 ndiyo ukuta wenyewe. Kila upande ampea 1.2 mfululizo na 3.2 kwa kufumba na kufumbua.

*Kinachopotea.* Juu na chini kwa pamoja ni nusu omu. Mota ikivuta nusu ampea inapoteza robo ya volti. Zile betri nne za AA ambazo kwenye L293D ziliiachia mota volti 3.4, hapa zinaiachia karibu 5.7. Kwenye ampea moja joto ni nusu wati. Ukiigusa baada ya kazi utaona ina uvuguvugu tu, ilhali L298N kwenye kazi hiyohiyo inakuwa ya moto.

*Kuunga.* Bodi ni ndogo, na mara nyingi pini zake zinakuja hazijalehemiwa. Unahitaji pasi yenye ncha nyembamba na mkono uliotulia. Waya za kuiamuru ni saba, wa saba ukiwa STBY. Huo usipoupa volti, mota zote mbili zinakaa kimya na utadhani bodi ni mbovu. Ukitumia ESP32, bodi nyingine ya programu ambayo ishara zake ni za volti 3.3, pini ya VCC ipe volti 3.3. Ukiipa 5, draiva inasubiri ishara isiyopungua 3.5 na ESP32 haifiki hapo; kigari kitatembea siku moja na kugoma siku nyingine.

*Kinga.* Joto likizidi hujizima, volti zikishuka mno hujizima. Kizuizi cha ampea kupita kiasi haina, hivyo mota iliyokwama inabaki ikiitesa. Ikiungua unabadilisha bodi. Miguu ya chipu imebanana mno kwa pasi ya kawaida.

*Inamfaa* anayetumia betri ndogo na kutaka kila volti ifike kwenye tairi. Uzuri mwingine ni kwamba inakubali PWM hadi kilohezi 100, kwa hiyo unaweza kuipandisha juu ya masikio ya binadamu na ule mlio mwembamba wa mota ukaisha.

DRV8833

*Volti na ampea.* Ya Texas Instruments, volti 2.7 hadi 10.8. Kila upande ampea 1.5, kilele 2. Namba hizo zinategemea bodi kuondoa joto, kwa sababu joto la chipu linashuka kwenye shaba iliyo chini yake; kwenye vibodi vile vyembamba zaidi tarajia pungufu ya hapo.

*Kinachopotea.* Takriban omu 0.36 jumla, kidogo kuliko zote nne.

*Kuunga.* Waya nne za amri, basi. Haina pini ya pekee ya kasi. PWM unaipitisha kwenye waya zilezile za mwelekeo, jambo linalomchanganya anayetoka kwenye L298N lakini linazoeleka. Haihitaji volti 5 za pembeni, betri ya mota inaitosha. Ina pini ya kulala ambayo lazima iwe juu ndipo ifanye kazi. Pande mbili unaweza kuziunganisha ziendeshe mota moja kubwa zaidi.

*Kinga.* Kwangu hii ndiyo sababu ya kuiheshimu: inatambua shoti na ampea zilizozidi, inakata, kisha inajaribu tena. Darasani ambako waya hugusana kila siku, inasamehe mengi.

*Inamfaa* mwenye seli moja au mbili za lithiamu. Kwa betri ya volti 12, hata usijaribu.

Yanayozihusu zote nne

Hasi ya betri ya mota na hasi ya Arduino lazima ziungane. Bila hivyo amri hazifiki. Lehemu kapasita ya nanofaradi 100 kwenye miguu miwili ya kila mota, maana cheche za brashi ndizo zinazoifanya Arduino ijizime na kuwaka upya bila sababu unayoiona. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya. Na ukigeuza nyaya za betri, kinga zote nilizozitaja hazikusaidii.

Kulingana na hali yako

Kigari cha betri nne za AA, au cha seli mbili za 18650, nenda na TB6612FNG au DRV8833. Kati ya hizo mbili, ya kwanza ikiwa unataka pini ya kasi iliyojitenga na programu rahisi kuandika. Ya pili ikiwa bado unajaribu na shoti zinatokea. Asubuhi za Juni na Julai, Mbeya au Njombe, betri za AA hudhoofika kwa baridi, na ukichanganya udhaifu huo na volti mbili zinazoliwa na L298N kigari hakipandi hata kizingiti cha mlango. Kama unakipeleka kwenye Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, ambako kitawashwa na kuzimwa mchana kutwa, tofauti ya betri utaiona kabla ya saa sita.

Kufundisha kundi la vijana, chukua L293D kadhaa pamoja na soketi zake. Ziendeshe kwa volti 9 hadi 12 ukitumia mota nyepesi, na uwaonyeshe kwa mita volti zinazoingia na zinazofika kwenye mota.

Mashine ya kutotolesha vifaranga yenye betri ya volti 12 na sola inahitaji mawazo zaidi. DRV8833 imeshatoka, na TB6612FNG inapitishwa kikomo chake cha volti 13.5 jua likiwaka. Zinabaki L298N, kijampa kikiwa kimetolewa, au L293D kama mota ya trei ni ndogo kweli. Mota hiyo inainamisha trei upande mmoja hadi kama digrii 45, inasimama, na baada ya muda inarudi upande wa pili. Kwa hiyo weka swichi ya kikomo kila mwisho, ili programu ikikosea trei isiendelee kusukuma. Inafanya kazi kwa sekunde chache tu kila mara, hivyo joto la L298N halina nafasi ya kupanda. Ulaji wake wa volti nao haukuumizi: kutoka 12 mota inabakiwa na kama 10, na trei inageuka polepole kidogo, jambo ambalo mayai hayalalamikii. Bodi iweke nje ya sanduku. Ndani kuna nyuzi 37.5 na unyevu mwingi, na yote mawili ni adui wa draiva. Feni ya kompyuta ya kuzungusha hewa usiipitishe kwenye upande wa pili wa draiva. Inazunguka upande mmoja siku zote, hivyo iunge moja kwa moja au kwa mosfeti moja.

Ukienda dukani, usiseme tu unataka draiva ya mota. Sema hivi: "Kaka, betri yangu ikijaa ina volti nane nukta nne, na mota ikikwama inavuta ampea moja. Una TB6612 au DRV8833?" Akisema anayo L298N tu na wewe hutaki kusubiri basi, ichukue, lakini ongeza seli ya tatu ya 18650 kufidia zile volti mbili. Tatu zikijaa zinafika 12.6, kwa hiyo kijampa kitoe, volti 5 zilete kutoka nje, na kasi ya juu uipunguze kwenye programu ili mota za volti 6 zisizidiwe.

Na kama umeokota mota ya waipa ya gari gereji, ambayo wengi huitamani kwa kugeuzia trei kubwa za mayai mia kadhaa, pima omu zake kwanza kwa njia niliyoeleza. Utakuta ni chini ya omu 1 au karibu na hapo, yaani ampea kumi au zaidi ikikwama. Hakuna kati ya hizi nne inayoiweza. Tumia rilei mbili za gari zilizopangwa kugeuza mwelekeo, na fyuzi inayolingana na waya wako.